FLANJI NA GASKETI ZA HITA: TUZIFUNGE VIZURI, TUSIUNGUE



Katika viwanda vyetu vya sukari na vya chai hapa Uganda, kazi kubwa hufanywa na mvuke. Kwenye sukari, maji ya miwa hupita ndani ya hita, mvuke ukiyapasha moto mpaka yapite kidogo nyuzi 100, ndipo yaende kwenye tangi la kutuliza uchafu. Kwenye chai, mvuke wa boila huingia katika mirija, feni husukuma hewa kati ya mirija hiyo, na hewa hiyo ya moto hukausha majani. Viwanda vya maziwa, vya bia na vya sabuni navyo vina mitambo ya namna hiyo. Wahandisi huiita vibadilisha joto. Sisi tunaiita hita.

Hita zote hizi zimeunganishwa kwa flanji. Flanji ni yale masahani mazito ya chuma mwishoni mwa bomba au pembeni mwa kifuniko, yenye matundu ya bolti. Kati ya flanji mbili huwekwa gasketi, nazo bolti huzibana pamoja. Kiungo hiki kikifungwa vizuri hukaa kimya mwaka mzima. Kikifungwa vibaya huunguza watu.

Mimi si mhandisi. Nilisoma mpaka darasa la saba, kisha nikafundishwa ufundi wa mitambo na wazee kiwandani, na baadaye wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wa chama. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafanya kwa mikono yangu, na yale niliyofundishwa katika semina.

Jambo lililonifanya niandike

Mwaka 2009, katika kiwanda kimoja cha sukari nilikokuwa nikifanya kazi, kifuniko cha hita kilianza kuvuja. Kwanza yalikuwa matone. Fundi wetu aliomba gasketi mpya. Akaambiwa stoo hakuna, akaze bolti tu, miwa inasubiri uwanjani. Akakaza. Baada ya siku mbili uvujaji ukarudi, akakaza tena. Juma la tatu akachomeka bomba kwenye spana ili aongeze nguvu, hita ikiwa inafanya kazi. Bolti moja ikakatika. Maji ya miwa ya moto yakamrukia kifuani na mikononi. Alikaa hospitali miezi miwili.

Kisha barua ya meneja ikatoka: ajali imesababishwa na uzembe wa fundi. Sisi sote tulijua kwamba aliomba gasketi mara tatu. Lakini aliomba kwa mdomo. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Tangu siku hiyo nawaambia wenzangu mambo mawili. La kwanza, flanji inayovuja inakupa habari, usiinyamazishe kwa spana ndefu. La pili, habari hiyo iandikwe.

Kazi ya bolti ni kuvuta

Watu wengi hudhani bolti ni kama msumari, kazi yake kushikilia tu. Sivyo. Bolti ya flanji ni kama springi. Unapokaza nati, bolti inavutwa na kurefuka kidogo sana, kiasi ambacho macho hayaoni. Kwa kuwa inataka kurudi urefu wake, inazivuta flanji mbili zikaribiane, na gasketi katikati inabanwa na kujaza mikwaruzo yote midogo. Mvuke hukosa njia.

Sasa fikiri nguvu iliyo ndani. Chukua kifuniko chenye upana wa mita 1. Shinikizo la baa 1 tu hukisukuma nje kwa nguvu ya karibu tani 8. Na baa 1 si kitu kikubwa, tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Tani hizo 8 zinashikwa na bolti. Bolti zikivuta sawasawa, kila moja hubeba fungu lake. Nne zikiwa zimelegea, zilizobaki hubeba mzigo wa wenzao, kama watu kumi wanaobeba gogo wanne wao wakiwa wameligusa tu.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawakuambiwa. Katika kila mafungu 10 ya nguvu unayotia kwenye spana, karibu 9 huliwa na msuguano, yaani kwenye meno ya bolti na chini ya nati. Fungu 1 tu ndilo linalovuta bolti. Kwa hiyo bolti yenye kutu ikikataa kuzunguka, usidhani imekaza. Huenda nguvu yako yote imeishia kwenye kutu, na gasketi haijabanwa. Ndiyo sababu ya kusafisha meno na kupaka grisi ya bolti. Si urembo.

Kwa nini kiungo huvuja

Kabla ya kushika spana, jiulize sababu. Mara nyingi ni moja ya hizi:

1. Gasketi imezeeka, imekauka, au ilitumiwa mara ya pili. Gasketi iliyokwisha kubanwa haiwezi kujaza mikwaruzo tena. Ikitolewa, itupwe.

2. Gasketi si ya aina ile. Mpira unaofaa maji ya baridi hauwezi mvuke. Wengine huweka gasketi nene au mbili pamoja wakidhani ni imara zaidi. Kinyume chake, gasketi nene husukumwa nje kwa urahisi kuliko nyembamba. Unene hufaa tu pale flanji zenyewe haziko laini.

3. Bolti zimekazwa upande mmoja, kwa hiyo flanji imelala.

4. Flanji hazitazamani. Bomba limevutwa kwa mtarimbo au kwa bolti zenyewe ili matundu yakutane. Bolti hizo zinatumia nguvu yao kupigana na bomba, si kubana gasketi.

5. Uso wa flanji umechimbwa na mvuke, au una mkwaruzo unaotoka ndani kwenda nje. Mkwaruzo wa namna hiyo ni mfereji.

6. Mtambo unapashwa moto na kupozwa kwa ghafla. Chuma hutanuka na kusinyaa, bolti na flanji haviendi pamoja, gasketi hulegea. Na pale maji yaliyoganda kutokana na mvuke hayakutolewa kwenye bomba, mvuke huyasukuma yakapiga kama nyundo. Ukisikia mabomba yanagonga, jua viungo vinateseka.

Utaona kwamba katika sababu hizi sita, kukaza bolti kwa nguvu zaidi kunaweza kusaidia moja tu, nayo ni ile ya tatu. Hata hiyo ni lazima ifanywe mtambo ukiwa umepoa na hauna shinikizo.

Kufungua

Hapa ndipo watu huungua zaidi, kwa hiyo tuende taratibu.

Kwanza, vali zote zifungwe, za mvuke, za maji ya miwa na za kutolea maji. Kila vali iwekewe kufuli na kibao chenye jina la anayefanya kazi, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Vali inayovuja ndani haitoshi, lazima bomba lizibwe kwa sahani ya chuma.

Pili, fungua tundu la kutolea hewa juu na la kutolea maji chini, ngoja mpaka kisitoke kitu. Uchafu huweza kuziba tundu la chini ukadhani hita ni tupu. Uchomeke waya uhakikishe.

Tatu, usiiamini saa ya shinikizo peke yake. Saa nyingi za kiwandani haziwezi kuonyesha robo ya baa. Lakini robo ya baa kwenye kile kifuniko cha mita 1 bado ni tani 2. Na maji yaliyo ndani yakiwa yamepita nyuzi 100, siku unapofungua sehemu yake hubadilika mvuke papo hapo, na sehemu hiyo hujaa nafasi kubwa mara zaidi ya elfu moja.

Nne, unapolegeza, anza na bolti zilizo mbali nawe, upande wa pili wa flanji. Zilegeze kidogo kidogo, nati zibaki kwenye bolti. Kama kuna kitu kimebaki, kitokee upande ule, si usoni mwako. Tenganisha flanji nati zikiwa bado zipo. Ukiona hakuna kinachotoka ndipo uzitoe.

Tano, fundi asiwe peke yake, na watu wasio na kazi hapo waondoke.

Gasketi za zamani

Viwanda vyetu vingine vina mitambo ya miaka mingi. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani na ugonjwa wa mapafu kukakamaa, nayo hujitokeza baada ya miaka kumi, ishirini, hata arobaini. Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba namba 162 kuhusu asbestosi mwaka 1986, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanakufa.

Kama gasketi imegandia na hujui ni ya nini, ichukulie kuwa ni asbestosi. Usiikwangue kavu, usitumie brashi ya waya wala grainda, usipulize kwa hewa. Iloweshe maji, ikwangue taratibu ikiwa imelowa, itie katika mfuko na kuufunga. Vaa kinyago cha kuzuia vumbi laini, si kitambaa. Nguo za kazi zisiende nyumbani kwa mama watoto kufuliwa.

Kufunga upya

1. Safisha nyuso za flanji mpaka chuma kionekane. Tazama mikwaruzo kwa tochi.

2. Hakikisha flanji zinatazamana bila kulazimishwa. Kama matundu hayakutani, bomba ndilo lirekebishwe.

3. Bolti na nati ziwe za aina moja na daraja moja. Alama iko kichwani mwa bolti au mwishoni mwake. Bolti ya kwenye mlango wa stoo haifai hita. Bolti iliyopinda, iliyokonda katikati au yenye meno yaliyolika itupwe. Weka washa ngumu chini ya nati.

4. Paka grisi ya bolti kwenye meno na chini ya nati. Gasketi yenyewe usiipake grisi wala gundi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza. Grisi huifanya iteleze na kusukumwa nje.

5. Weka gasketi mpya katikati kabisa, kisha kaza nati zote kwa mkono.

6. Sasa kaza kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Flanji ya bolti 8, zihesabu 1 mpaka 8 kwa kuzunguka, uandike namba kwa chaki. Kisha kaza 1, halafu 5, halafu 3, halafu 7, halafu 2, 6, 4 na 8. Mzunguko wa kwanza tia theluthi moja ya nguvu inayotakiwa. Wa pili theluthi mbili. Wa tatu nguvu yote. Mwishoni zunguka bolti zote kwa mfuatano mpaka nati isisogee.

7. Nguvu inayotakiwa isomwe kwenye kitabu cha mtambo, ipimwe kwa spana ya kipimo. Mkono hauna kipimo. Mwenye nguvu hukata bolti ndogo, na huyo huyo hulegeza bolti kubwa bila kujua. Bomba kwenye spana marufuku.

8. Gasketi hulegea kidogo saa za mwanzo. Kama muda upo, ngoja muda wa saa 4 hivi kabla ya kuwasha mvuke, kisha zunguka tena kwa kipimo kile kile.

9. Washa mvuke taratibu, ukitoa maji yaliyoganda. Ukipita karibu na kiungo kutazama, usipapase kwa mkono. Mvuke wa moto mkali hauonekani, kile kiwingu cheupe ni mvuke uliokwisha kuanza kupoa.

10. Kiungo kikivuja, zima, poza, toa shinikizo, fungua. Gasketi za nyuzi zilizochanganywa na mpira zikisha pata moto huwa ngumu. Ukizikaza tena baada ya hapo zinapasuka.

Yaliyotokea Longford

Mtu atasema haya ni matatizo ya nchi maskini zenye mitambo michakavu. Basi tutazame Australia, kwenye kiwanda cha gesi cha Longford, jimbo la Victoria, kilichokuwa kikiendeshwa na kampuni ya Esso.

Ijumaa tarehe 25 Septemba 1998 asubuhi, pampu za mafuta ya moto zilisimama. Sehemu ya mtambo ikaanza kupoa. Kibadilisha joto kimoja kikaanza kuvuja kwenye flanji. Mafundi wakajaribu kukaza bolti zake, uvujaji haukwisha. Haukuweza kwisha, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye bolti. Chuma kilikuwa kimesinyaa kwa baridi. Kibadilisha joto kingine, ambacho kwa kawaida kilikaa kwenye nyuzi 100 hivi, kilikuwa kimeshuka mpaka nyuzi 48 chini ya sifuri. Barafu ilionekana nje yake.

Wakaamua kurudisha mafuta ya moto ili mtambo upate joto. Hawakujua kwamba chuma cha aina ile kikipoa namna hiyo hakinyumbuki tena, huvunjika kama kioo kilichomiminiwa maji ya moto. Saa 6 na dakika 26 mchana kikapasuka. Gesi ikatoka, ikashika moto. Wafanyakazi wawili walikufa, wanane waliumia. Moto uliwaka zaidi ya siku mbili, na jimbo la Victoria lilikaa zaidi ya majuma mawili karibu bila gesi.

Tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Daryl Dawson. Kampuni ikasema makosa ni ya waendesha mtambo, kwamba walifundishwa wakasahau. Ripoti ya tume, iliyotoka mwaka 1999, ilikataa maneno hayo. Ilisema wafanyakazi hawakufundishwa hatari ya baridi kwenye chuma. Kampuni haikuwa imefanya uchunguzi kamili wa hatari kwenye mtambo ule. Wahandisi walikuwa wamehamishiwa mjini Melbourne, mbali na kiwanda. Mwaka 2001 mahakama iliitoza kampuni faini ya dola milioni 2 za Australia.

Someni tena habari hii mkikumbuka yule fundi wetu wa hita. Flanji ilivuja, mtu akaambiwa akaze, sababu haikutafutwa, na baada ya msiba lawama ikatafuta mfanyakazi. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na tume iliyoketi na kusoma karatasi. Sisi karatasi hatukuwa nazo.

Hii ni kazi ya chama pia

Ndugu zangu, kila hatua niliyoeleza inataka kitu ambacho fundi hawezi kujipa mwenyewe. Inataka gasketi stoo, bolti za daraja linalofaa, spana ya kipimo, kufuli, mafunzo, na muda wa kupoza mtambo. Hivyo vyote viko mikononi mwa mwajiri. Kwa hiyo tusimlaumu fundi aliyefunga vibaya kabla ya kuuliza alipewa nini cha kufungia.

Kila tawi lidai mambo haya kwenye mazungumzo na mwajiri:

Stoo iwe na seti moja kamili ya gasketi na bolti kwa kila hita, na iliyotumika inunuliwe nyingine mwezi huo huo.

Hakuna kufungua flanji bila kibali cha maandishi, kufuli na kibao.

Hakuna kukaza bolti mtambo ukiwa na shinikizo. Mwajiri asiruhusiwe kuamuru hivyo hata miwa ikijaa uwanjani.

Mafunzo yatolewe kwa vibarua wa msimu pia. Hao ndio hupewa nyundo na spana bila maelezo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inataja wawakilishi wa wafanyakazi na kamati za usalama. Kamati isiyokutana haina faida, itisheni kikao. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu za kuamini hivyo, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa kuwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo.

Mwisho, nunueni daftari. Bei yake ni ndogo. Mwakilishi wa chama aliweke karakana. Kiungo kikivuja, andika tarehe, hita namba ngapi, nani ameona, ameambiwa nani, ameomba nini, amejibiwa nini. Msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, mashahidi wawili watie zao. Mwenzetu asiyejua kuandika aandikiwe na aliyesoma, kisha aweke dole gumba.

Katika tawi letu daftari hilo lilianza mwaka uliofuata ajali ile. Mara ya kwanza fundi alipoandika "nimeomba gasketi, nimeambiwa nikaze", msimamizi alitazama mstari ule, akafunga daftari, akaenda ofisini. Kesho yake asubuhi gasketi ilikuwa stoo.